Jinsi ya kufanya mazoezi ukiwa umelazwa kupandikizwa uloto

Nilipandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, Chennai, India, kwa seli shina (seli mama za damu) zangu mwenyewe, kwa sababu ya mailoma, saratani ya uloto inayokula mifupa. Nilidhani kazi yangu ni kulala tu hadi chembe za damu zipande tena. Siku ya pili dada wa mazoezi tiba akasimama mlangoni na barakoa yake: "Amma (yaani mama), tuinuke." Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kila asubuhi, kabla hujashusha mguu, uliza majibu ya damu. Mimi niliyaandika kwenye daftari. Wodini kwetu, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa juu ya 20,000 uliruhusiwa kuvuta mpira wa mazoezi. Kati ya 10,000 na 20,000, kutembea na kuinua miguu bila uzito. Chini ya 10,000 unakaa kitini, unachezesha vifundo na kuvuta pumzi ndefu, maana ukianguka unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Joto likifika 38, acha, mwite nesi. Hospitali yako ikiwa na mipaka tofauti, fuata ya kwao.

Zoezi ambalo usiliache, siku majibu ya damu yanapokuruhusu, ni kuinuka kitini. Kwanza kaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, uhesabu mpaka 60, kwa sababu presha hushuka ghafla ukiinuka kwa pupa. Angalia mirija ya dripu isikanyagwe na gurudumu. Stendi usiiegemee kamwe, itateleza na wewe. Hamia kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Nyayo ziwe bapa sakafuni, inuka kwa nguvu ya mapaja huku ukitoa pumzi, usiibane. Simama kidogo, kisha shuka taratibu sana, kama unayekalia yai. Huko kushuka nako kunaifanyisha misuli kazi. Mara tano asubuhi, mara tano jioni.

Siku ya nane baada ya kurudishiwa seli, mdomo wangu ulikuwa vidonda vitupu, hata mate yaliuma. Niliinuka mara mbili tu. Niliziandika hizo mbili, na wewe ziandike. Fanya baada ya dawa ya kichefuchefu kuanza kazi, hapo mwili hukubali.

Kutembea nako hakuhitaji uwanja. Chumba changu kilikuwa hatua saba kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilizunguka nikiongea na mdogo wangu aliyeko Tanga kwa simu. Nikishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, nilipunguza mwendo.

Wenzangu wa mailoma, mifupa yetu imeliwa. Usiiname kuokota kandambili, usijipinde kiuno, usinyanyue ndoo. Na anayepokea uloto wa mtu mwingine ajue kwamba dawa za steroidi, akipewa, hudhoofisha mapaja. Yeye zoezi la kiti asiliache miezi mingi hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Ninyi mnaouguza, najua mapenzi yanawasukuma kumletea kila kitu kitandani. Nesi akisharuhusu, mwacheni aende chooni kwa miguu yake, mkono wenu ukiwa nyuma ya kiuno chake bila kumshika. Kikombe cha maji kiwekeni meza ya pili, ainuke akifuate.

Nyumbani endelea kwa dakika tano tano. Mimi nilianza na ngazi tatu za barazani, mkono ukutani, na kiti kikinisubiri juu.