Kabla ya kununua taa janja, kagua mtandao wako

Balbu janja, yaani zile unazowasha na kuzima kwa simu, nyingi za Wi-Fi zinashika bendi moja tu ya mawimbi, ile ya GHz 2.4. Simu za siku hizi hukimbilia GHz 5 kwa sababu ina kasi zaidi, na hapo ndipo watu wengi hukwama: balbu inapepesa ikisubiri kuunganishwa, kiduara kinazunguka weee kwenye programu, mwisho unaambiwa kifaa hakijapatikana. Balbu ni nzima kabisa. Kwa hiyo fungua kwanza mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, uhakikishe GHz 2.4 imewashwa. Kama bendi zote mbili zina jina moja na balbu inagoma, izime GHz 5 kwa muda, unganisha taa, kisha irudishe. Angalia na aina ya ulinzi wa Wi-Fi yako: balbu nyingi zinataka WPA2, na ruta iliyowekwa WPA3 pekee huzikataa.

Kasi ya intaneti isikuumize kichwa. Amri ya kuwasha taa ni data kidogo mno. Kinachotakiwa ni mawimbi yafike kwenye holda. Simama na simu chini ya holda yenyewe, mlango ukiwa umefungwa kama unavyofungwa usiku, simu ikiwa kwenye GHz 2.4, utazame nguvu ya mtandao. Ikisuasua hapo, balbu itasumbuka zaidi, hasa ikifunikwa na kofia ya taa ya chuma.

Halafu hesabu. Kila balbu ya Wi-Fi ni kifaa kamili machoni pa ruta, kama simu au kompyuta. Taa 20 ni vifaa 20. Kwa nyumba yenye taa nyingi mimi ningechagua za Zigbee, mawasiliano ya redio yasiyo ya Wi-Fi, ambazo hupitia kifaa kimoja kiitwacho kitovu (hub) kilichochomekwa kwenye ruta, na zenyewe hupokezana mawimbi kutoka chumba hadi chumba. Ila Zigbee nayo kwa kawaida hutumia GHz 2.4, hivyo usikibananishe kitovu na ruta.

Swichi ya ukutani ndiyo husahaulika kuliko vyote. Ukiizima, balbu inakosa umeme na inatoweka mtandaoni. Simu haiwezi kuiamsha. Waeleze wote wa nyumbani mapema, watoto na wageni pia.

Muulize muuzaji kama taa zinafanya kazi intaneti ikikatika. Zipo zinazopokea amri ndani ya nyumba, na zipo ambazo kila amri lazima izunguke kwenye seva za mtengenezaji. Kuziweka taa kwenye mtandao wa wageni, ule wa pili ambao ruta hutenga kando na mtandao mkuu, ni ulinzi mzuri, lakini ruta nyingi huzuia vifaa vya huko kuonana na vya mtandao mkuu, kwa hiyo ijaribu balbu moja kabla ya kuzihamisha zote.

Mwisho, andika mahali jina la mtandao na nywila yake herufi kwa herufi. Siku ukibadilisha ruta, rudisha yaleyale, na kwa kawaida taa zitajiunga zenyewe bila wewe kupanda ngazi.