Vile utajua kama gemu ya karti inataka ujuzi au ni bahati tu

Hapa Langoni kila wikendi ni maneno yale yale juu ya gemu za karti, zile za kushindana vigari kwenye skrini: mmoja ashinda Mario Kart mwengine amwambia "we umepata bahati tu", na wa Crash Team Racing (twaiita Crash tu) adai gemu yake ndo ya mafundi ile nyengine ni ya watoto, na mpaka maghrib yaadhiniwa hakuna aliyethibitisha kitu. Kwangu hili si jambo dogo. Idi tukifanya mashindano kuna vijana washakaa mwezi mzima wajifunza kona moja moja, sasa nikiwatilia gemu ambayo mshindi apatikana kama kwa kura nimewadhulumu. Kwahivo nimetafuta njia ya kupima na nawapa vile nafanya. Unahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye subira wa kucheza nae.

Kabla hujapima elewa bahati yakaa wapi. Angalia barazani: kwenye bao kete zote ziko wazi, ukifungwa umefungwa. Ludo ni dadu. Dhumna iko katikati, mawe wapewa bila kuchagua lakini fundi ahesabu yaliyotoka, ajua mwenzake ana nini mkononi, na mawe mabaya ayacheza vizuri. Gemu za karti karibu zote ni dhumna, boksi la zawadi, lile ukiligonga njiani wapewa silaha au busti ya kasi bila kuchagua, ndo mawe yako, na cha kupima ni je, fundi akipewa mawe mabaya ana la kufanya au hana?

Anza bila zawadi. Kila mtu acheze peke yake dhidi ya saa, njia moja, mara tano, muandike muda wa kila mara. Hapa waona ujuzi mtupu. Kama fundi na mgeni wapishana sekunde moja au mbili tu basi uendeshaji wenyewe hauna kina na zawadi ndo zitaamua, lakini wakipishana sekunde 15 au 20 jua kuna kitu cha kujifunza pale. Crash Team Racing Nitro-Fueled ya 2019 hapa ndo yatoa watu jasho, kwa sababu ukiteleza kwenye kona wabonyeza kitufe cha pili wakati ule mstari wa kwenye skrini umekaribia kujaa na moshi wa gari umegeuka mweusi, wapata busti, na kwa kila kuteleza waweza kupata tatu, na hizo busti zajilimbikiza kwahivo anaejua aenda na kasi njia nzima bila kupoa. Asiejua aona tu mwenzake ampita na hajui kwa nini. Ile ya zamani ya PlayStation ya kwanza, 1999, ilikuwa na mbinu hiyo hiyo ya kuteleza.

Baada ya hapo tieni zawadi, watu wawili wale wale, na hapa ndo wengi wakosea manake wacheza mara tatu wakaona yatosha. Haitoshi! Watu wawili walio sawa kabisa wakicheza mara 10, karibu mara moja katika kila tatu matokeo yatakuwa 7 kwa 3 au mapana zaidi, kwa bahati tu. Yaani mtu amekupiga 7 kwa 3 na bado hajathibitisha kuwa akushinda kwa ujuzi. Chezeni 20. Ikiwa 15 kwa 5 hapo sasa kuna ujuzi, watu walio sawa hufika pengo hilo au zaidi kama mara 4 tu katika 100. Mkifika mbio ya 10 mbadilishane padi na upande wa skrini, hapa kwetu chumvi ya bahari yala vyuma, padi moja kijiti chake chavuta kushoto na mtu aweza kushindwa siku nzima kwa sababu ya padi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: katika kila mbio andika nani yuko mbele mkiingia raundi yake ya mwisho, halafu andika nani kashinda. Basi. Ukiona aliekuwa mbele ndie ashinda karibu kila mara, gemu yaheshimu kazi uliyofanya raundi za mwanzo. Ukiona yuwapinduliwa nusu ya mara, gemu imeundwa iwatikise watu mwishoni. Mario Kart 8 Deluxe ya 2017 imeundwa hivyo makusudi, zawadi yategemea uko umbali gani na wa kwanza, alie nyuma sana apewa nyota ya kumkinga, radi inayowapiga wengine wote, ile risasi kubwa inayomuendesha yenyewe, na alie mbele apewa sarafu na ndizi. Halafu kuna lile gamba la bluu, vijana wetu waliita kasa wa bluu, lenyewe lamfuata wa kwanza tu, lipo tangu Mario Kart 64 ya 1996 na limeliza watu wengi.

Lakini msikimbilie kusema Mario Kart ni bahati. Kila kinapokupata kitu uliza: je, nilikuwa na jibu? Gamba jekundu, lile linalomfuata alie mbele ya mrushaji, lina jibu, shika ndizi nyuma ya gari usiiachilie, itapokea lile pigo badala yako. Kasa wa bluu ana jibu pia, ile honi kubwa yamvunja, na kwenye Deluxe wabeba zawadi mbili kwahivo fundi akipata honi aiweka mpaka siku ya shida. Tia alama mbili kwenye daftari, pigo lenye jibu na pigo lisilo jibu. Mimi nilipofanya hivyo na mdogo wangu niliona mengi tuliyoyaita bahati mbaya yalikuwa mimi kutupa ndizi yangu mapema. Radi ndo yaniudhi mpaka leo, siku nyingi yakupata huna cha kufanya.

Crash nayo si safi kama mashabiki wake wasemavyo, ina zawadi za nasibu na ina duara lake linalomfuata wa kwanza, tofauti ni kwamba fundi ashajenga pengo kubwa na pigo moja halimmalizi. Kwa maoni yangu yaishinda Mario Kart kwa ujuzi, na si kidogo.

Kuna moja imesahaulika nayo yastahili kutajwa, Diddy Kong Racing ya 1997 kwenye Nintendo 64. Zawadi zake ni maputo ya rangi, jekundu kombora, bluu busti, kijani mtego, manjano ngao, na lile la rangi nyingi ni sumaku. Wajua wachukua nini kabla hujaligusa, na ukichukua rangi ile ile tena bila kutumia yazidi nguvu mpaka daraja la tatu. Bahati ya boksi haipo kabisa, hiyo ni bao.

Na kwa wasio na mashine ya gemu, SuperTuxKart ni ya bure, yacheza kwenye laptopu hata simu ya Android, na ina mbio za muda ambazo hazina maboksi ya zawadi. Kipimo cha kwanza mwaweza kukifanya leo leo.

Sasa kuchagua. Watoto wa miaka 8 wakicheza na kaka zao tieni Mario Kart na zawadi zote, mdogo akishinda mara 2 katika 10 atabaki kwenye kiti na atajifunza. Mashindano ya mafundi tieni Crash, au Mario Kart mzime zawadi au muache uyoga peke yake, ule wa kukupa kasi, menyu yake yaruhusu. Na msitoane kwa mbio moja, wekeni mbio 8 na mhesabu pointi, siku moja mbaya isimtoe mtu. Stima ikikatika katikati mbio hiyo haihesabiwi hata kama uliekuwa mbele ni wewe, mkubaliane hilo kabla padi haijashikwa.