Somo: Kuvifikia Vijiji vya Safu ya Livingstone Ambako Gari Halipandi

Ndugu wanachama, kutoka Ziwa Nyasa, lililo kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, hadi uwanda wa Kitulo wenye mita 2,600 hivi, safu ya milima ya Livingstone, kusini-magharibi mwa Tanzania, ina vijiji ambavyo mgeni huvifikia kwa miguu yake tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua majira. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na njia za mtelemko huwa utelezi mtupu. Nenda kati ya Juni na Septemba, ukiwa na sweta nzito, kwani baridi ya Makete, wilaya ya huko juu milimani, si ya kubahatisha.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuripoti ofisi ya kijiji unakoanzia. Mweleze mtendaji uendako na utakakolala, kisha umwombe akutafutie mwenyeji wa kukuongoza, na mpatane malipo kabla hamjaondoka. Njia za milimani huachana bila alama: moja inakwenda kijijini, nyingine inaishia shambani kwa mtu, juu ya korongo. Zaidi ya hayo, mwenyeji ndiye atakayekutambulisha, na mgeni aliyetambulishwa hapokewi kama mgeni aliyezuka tu. Ukipitia Hifadhi ya Kitulo, lipa kiingilio.

Tatu, beba chakula chako. Mahali ambapo kila kilo ya chumvi imefika kichwani mwa mtu, naona si haki kula akiba ya wenyeji mikono mitupu. Mimi hupeleka chumvi, sabuni na majani ya chai.

Mwisho, ondokeni alfajiri, na kila mtu awe na fimbo ya kushukia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ndege haiwezi kunifupishia safari?

Jibu: Marahaba. Itakufikisha uwanja wa ndege wa Songwe, karibu na jiji la Mbeya. Baada ya hapo ni barabara, kisha miguu. Hata ndege ndogo huhitaji uwanja mrefu ulio tambarare, na mtelemko huu hauna nafasi hiyo.

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 60 na magoti yanamsumbua, lakini anatamani kuwaona wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe. Nifanyeje?

Jibu: Usimpitishe mlimani. Ikombe iko ufukweni, hivyo mpandishe mtumbwi Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, asubuhi mapema, kabla upepo haujaliamsha ziwa. Akiogopa maji, mpeleke Jumamosi kwenye gulio la vyungu la Lyulilo, jirani na Matema, akaonane na wafinyanzi hukohuko.