Somo: Kuitafuta Doh kwenye kinanda na kuijua sauti yako

Somo hili ni la walioingia kwaya juzijuzi, wanaopewa karatasi yenye d, r, m, f, s, l, t na kuishia kumfuatisha jirani kwa sikio. Solfa tunayoimba, yaani kuandika sauti kwa herufi hizo (d husomwa Doh), ilienezwa na Mwingereza John Curwen (1816–1880), aliyeiendeleza kutoka kwenye mbinu ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kusudi mtu wa kawaida aimbe bila kujua nota za mistari. Kwa hiyo usiiogope.

Hatua ya 1: Soma juu ya karatasi. Utakuta "Doh ni G" au "Doh ni E flati" (flati ni kibao kinachotangulia, kushoto mwa chenye jina hilo). Wengi huparuka hapa, na ndipo penye kila kitu. Doh haina kibao chake cha kudumu kwenye kinanda, inahamahama. Wimbo ukisema Doh ni G, basi G ndiyo d yako, na nyingine zote zinajipanga kutokea hapo.

Hatua ya 2: Panda ngazi. C ni kibao cheupe kilicho kushoto tu mwa vile vyeusi viwili viwili. Iliyo karibu na katikati ya kinanda ndiyo C ya kati. Vyeupe vinapanda C, D, E, F, G, A, B. Kutoka kibao kimoja hadi kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu sauti. Sasa hesabu nusu sauti hivi: 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Ukianzia G unapata G, A, B, C, D, E, F shapu (kibao cheusi kilicho kulia mwa F), halafu G ya juu. Zile 1 mbili ziko kati ya m na f, na kati ya t na d ya juu. Ukipiga F nyeupe badala ya F shapu, t yako imeshuka na kwaya nzima itakugeukia.

Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani mahali Doh ilipo, na wapigaji wengi hupigia kila wimbo kwenye C. Sikatazi, ila siku ukikalishwa kwenye kinanda kisicho na kitufe hicho utaumbuka.

Hatua ya 3: Mapigo. Nukta mbili (:) hutenga pigo na pigo, mstari wa wima hufunga kipimo, yaani kundi moja la mapigo. d.r ni nota mbili ndani ya pigo moja, nusu kwa nusu. Kistari maana yake endelea kuvuta. Nafasi tupu ni kimya, siyo pa kupamba.

Hatua ya 4: Sauti yako. Kwa makadirio, soprano huanzia C ya kati hadi A ya oktavo inayofuata (oktavo ni umbali wa nota moja hadi nyingine ya jina hilohilo). Alto huanzia G iliyo chini ya C ya kati na kupanda hadi D, oktavo moja na kidogo juu ya C ya kati. Teno huanzia C ya chini, oktavo moja chini ya C ya kati, hadi G au A iliyo juu ya C ya kati. Besi hushuka hadi E iliyo chini ya hiyo C ya chini ya teno, na juu huishia D hivi, juu kidogo ya C ya kati. Usijipime kwa nota moja uliyoifikia kwa kukaza shingo. Angalia ni wapi unaweza kukaa wimbo mzima bila koo kuuma.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Wimbo wetu Doh ni G, soprano wakifika m ya juu wanapiga kelele. Tushushe hadi E flati?*

Marahaba. Kwenye G, m ya juu ni B, imepita uwezo wa soprano wengi. E flati itawapa G, wataimba vizuri. Lakini wasikilize besi: kama wana d ya chini, iliyokuwa G itakuwa E flati, na besi wengi hapo hubaki na pumzi tu. Jaribuni F kwanza.

*Mimi ni teno. Kwa nini d yangu imeandikwa sawa na ya soprano, lakini naimba chini yao?*

Ni kawaida ya solfa. Teno na besi huandikwa oktavo moja juu ya wanapoimba, ili karatasi isijae vialama vya chini.

*Hii "fe" na "ta" ni nini?*

Fe ni f iliyopandishwa nusu sauti, ta ni t iliyoshushwa nusu sauti. Mara nyingi zinaashiria wimbo unahamia ufunguo mwingine, hata kwa muda mfupi.

*Tuna mzee anayepiga malimba ya Kigogo, ile ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kila tukimchanganya na kinanda inasikika vibaya. Nani amekosea?*

Hakuna aliyekosea. Kinanda kimegawa oktavo katika nusu sauti 12 zilizo sawa. Mizani ya Kigogo, yaani ngazi yao ya sauti, inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, na baadhi yake huangukia katikati ya vibao viwili. Msimlazimishe mzee kuzipanga upya sauti za malimba yake. Zimeni kinanda kwenye wimbo huo, mwimbe mkimfuata yeye.