Somo: Kugeuza maganda ya muhogo kuwa chakula cha kuku

Nauona muhogo ukimenywa, maganda yanatupwa, na kuku wa nyumba hiyohiyo wanashinda njaa. Inaniuma. Maganda hayo ni chakula, ila yana sumu ya sianidi, tena nyingi kuliko nyama ya muhogo wenyewe. Usiwape kuku mabichi hata kidogo.

Kwanza, yaoshe udongo siku ileile ya kumenya, kisha uyakatekate madogo sana au uyatwange. Hapa ndipo penye kazi yenyewe: ganda likisagika, sumu huachiliwa na kuanza kutoka. Vipande vikubwa hubaki nayo ndani.

Pili, yatie kwenye gunia, ulaze mawe juu usiku kucha ili maji yatoke.

Tatu, anika juani kwenye turubai, tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara. Mwanzoni nilianika rundo nene. Juu yalikuwa meupe makavu, nilipofukua chini nikakuta ukungu wa kijivu na harufu ya uvundo. Nilitupa yote. Ukungu unaweza kuleta sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kuanika tena. Yaliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio ukiyakunja.

Nne, saga na uchanganye. Mimi sizidishi kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula, nikipunguza pumba au mahindi kwa kiasi hichohicho. Maganda hayana protini ya kutosha, kwa hiyo mashudu ya alizeti na dagaa visikosekane. Dagaa hasa, kwa sababu wana methionini, sehemu mojawapo ya protini, na mwili wa kuku huitumia kuvunja mabaki ya sianidi. Anza na kidogo, uongeze taratibu kwa wiki nzima.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Si rahisi zaidi kuyachemsha tu?
Marahaba. Ukiyatia kwenye maji yanayochemka yakiwa vipande vizima, joto huua kimeng'enya kinachoachilia sumu, na sehemu kubwa hubaki ndani. Katakata, kamua, anika.

Kuku wangu wa mayai wanakula vizuri, lakini kiini kimekuwa cheupe. Wanaumwa?
Hapana, ndugu yangu. Maganda hayana rangi ya njano iliyomo kwenye mahindi ya njano. Waongezee majani mabichi kama mchicha. Ila maganda ya mayai yakiwa laini, hilo ni suala la chokaa: wawekee magamba ya konokono wa baharini yaliyosagwa, kwenye chombo cha peke yake.

Vifaranga wa wiki tatu je?
Wasubiri. Mimi huanza wakifika wiki nane.

Unga wake unapeperuka, kuku wanapiga chafya.
Nyunyizia maji kidogo wakati wa kulisha, ya kuliwa saa hiyohiyo. Ukilaza chakula kilicholowa hadi kesho, umekaribisha ukungu tena.