Wiski na limau kwa asali ya Tabora

Wadau wa Tabora, hii kitu msiitengeneze na sukari wakati asali ya miombo tunayo hapa hapa, tena ile nyeusi nyeusi ndo inaendana na wiski kabisa. Ila usiimimine hivi hivi, ikikutana na barafu inakuwa ngumu inang'ang'ania chini kama gundi, so anza kwa kuikoroga na maji ya moto, sawa kwa sawa, halafu iache ipoe.

Sasa chukua chupa ya jemu yenye mfuniko, weka wiski mililita 60, maji ya limau 25 na hiyo asali 20. Limau likamue muda huo huo, yaani maji yaliyolala hayana ile harufu nzuri, na kabla ya kulikata livingirishe mezani huku unalikandamiza na kiganja, litatoa maji ya kutosha. Jaza barafu, funga vizuri, tikisa kwa nguvu sekunde kama 15 mpaka chupa ipige ukungu kwa nje na vidole vianze kuuma kwa baridi. Chujia kwenye glasi yenye barafu mpya, ile ya kutikisia ishayeyuka. Ikizidi uchachu ongeza asali kidogo, usikimbilie wiski.