Maputo, rangi ya biriani na kifo cha seli ya utumbo

Nafundisha tuisheni ya baiolojia Majengo, Mombasa, baada ya Magharibi, na somo hili la jinsi seli za utumbo zinavyokufa lilikuwa likiwalaza wanafunzi wangu. Nikaacha ubao. Siku hizi natumia maputo na sinia.

Pita Marikiti ununue maputo ya duara, mengine marefu membamba, uzi na kipakiti cha rangi ya biriani. Yajaze maji yenye rangi, ukubwa wa limau, basi. Mara ya kwanza niliyajaza yakawa kama madafu. Lilipopasuka moja, kanzu yangu haikutakata tena.

Yapange kwenye sinia yakigusana, safu moja tu; kila puto ni seli moja. Sisitiza hapo: upande wa chakula, utumbo umefunikwa na safu moja ya seli, na nyingi hubadilishwa kila siku 3 hadi 5. Kufa kwao si ajabu. Cha kuuliza ni: imekufaje, na nani katoa amri?

Anza na kifo cha adabu. Puto refu lifunge kwa uzi, vipande vipande kama tasbihi. Hakuna tone lililomwagika. Hiyo ni apoptosisi: kaspasi, vimeng'enya vya kukata protini, zinaikatakata seli ndani kwa ndani, jirani hashtuki.

Sasa toboa la duara kwa pini. Rangi inawarukia majirani wote. Ndivyo inavyokuwa bakteria Salmonella ikigunduliwa ndani ya seli: vihisi vya kinga vinatambua protini ya mkia wake, kaspasi-1 inaamka, inakata protini iitwayo gasdemini D, na kipande chake kinatoboa utando. IL-18, protini ya kupeleka ujumbe, inatoka kuita askari wa kinga. Seli inasukumwa nje, iende na choo pamoja na kidudu chake. Kwa hiyo mwanafunzi asikwambie kupasuka ni makosa. Shida ni kupasuka kusikokoma.

Kwenye TNF, protini ya kinga inayopeleka ujumbe wa uvimbe, usiende mbio. Wengi huandika "TNF huua seli". Siyo. Ikishika kipokezi chake, jibu la kawaida la seli ni kubaki hai na kupiga mbiu ya uvimbe. Breki zinazozuia kifo zikikatika, kaspasi-8 inaleta tasbihi. Kaspasi-8 nayo ikizuiwa, protini mbili, RIPK3 na MLKL, zinashika pini, nayo huitwa nekroptosisi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za panya walioondolewa kaspasi-8 kwenye seli za utando wa utumbo: utumbo mdogo ulivimba wenyewe, na seli za Paneth, zinazotoa dawa ya kuua bakteria, zikapotea.

Kuna kijana aliniuliza, "Maalim, si tuizime tu hiyo TNF?" Imeshafanyika, mwanangu. Infliximab, dawa inayoizuia TNF, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa utumbo usiokoma, mwaka 1998, na imewafaa wengi. Ila TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuifungia TB isiamke, ndiyo sababu mgonjwa hupimwa TB kabla ya sindano.

Bakisha puto moja la kipindupindu, maana hapa Mombasa lazima mtu aulize. Legeza fundo kidogo, maji yachirizike, puto lenyewe zima. Sumu ya kipindupindu haiui seli; inafungulia mifereji ya kloridi na maji yanafuata. Ndiyo maana ORS, yale maji ya chumvi na sukari, inafaa: seli za kunyonya zingali hai, zinapokea glukosi na sodiamu kama kawaida.